Spika ya Kulia

Mteja wa redio ya gari hasemi redio yake ina hitilafu. Anasema, "Fundi, spika imekufa." Basi, ameshapima, ameshahukumu, kazi iliyobaki ni wewe kuchimba kaburi. Hata mimi nilipoingia gereji pale Nyasho, Musoma, baada ya matokeo ya kidato cha nne ambayo sina haja ya kuyaeleza hapa, niliamini hivyo hivyo. Nilibadilisha spika za watu kama vile nabadilisha balbu. Fundi wangu mkuu, mzee wa Kijita asiyependa maneno, alinitazama wiki nzima, kisha akaniambia, "Kijana, unawazika watu wakiwa hai."

Akanikalisha chini. Spika, alisema, ni karatasi, koili ya waya mwembamba, na sumaku. Hakuna kingine. Redio inapeleka umeme unaogeuka geuka, koili inavutwa na kusukumwa mbele ya sumaku, inaitikisa karatasi, karatasi inatikisa hewa, hewa inafika sikioni. Ukikosa sauti, fuata hiyo njia hatua kwa hatua, na uanze na kile ambacho hakikugharimu hata senti. Tazama kwanza kitufe cha kugawa sauti kushoto na kulia, maana makonda hawana mikono iliyotulia. Kisha waya. Kisha chukua betri moja ya tochi, ile ya volti moja na nusu, uguse ncha za spika mara moja na kuachia. Ikisema "krap!" na karatasi ikaruka, koili ni nzima. Ukiwa na mita, spika iliyoandikwa omu 4 itakusomea tatu na ushee, au karibu na nne. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma sifuri, imeungua na kugusana yenyewe kwa yenyewe. Na kama inakwaruza, isukume karatasi taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili uisikilize. Huku kwetu kunakwaruza sana, maana vumbi la barabara za changarawe huingia hadi kwenye sumaku, na sumaku haiachii chembe ya chuma.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila hayo hamtaelewa nilivyoingia kwenye jambo la mjomba wangu.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa Hiace ya Musoma na Bunda. Gari si lake, ni la tajiri mmoja wa hapa mjini. Kila jioni anapeleka hesabu, kinachobaki anagawana na konda, na kwa kinachobaki hicho alikuwa anasomesha mabinti wawili na kumtunza bibi yetu kule Butiama. Ndiye aliyenilipia ada hadi kidato cha nne. Tena ndiye mtu pekee katika ukoo aliyekuwa akiniuliza, "Riwaya imefika wapi?" Wengine huuliza nitapata kazi lini.

Siku moja akaingiza gari gereji. "Mura, spika ya kulia imekufa. Naendesha na muziki wa upande mmoja kama mtu aliyepigwa kofi."

Nilifuata njia ya mzee. Kitufe kilikuwa katikati. Nikavua ubao wa mlango wa dereva, nikagusa spika kwa betri, ikaruka vizuri kabisa. Nikajua ni waya. Waya wa spika ya mlangoni hupita penye bawaba, na mlango wa dereva wa daladala unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Shaba ya ndani inachoka na kukatika, lakini ngozi ya plastiki inabaki nzima, kwa hiyo ukiutazama huoni kitu. Unaukunja kidogo hapa na pale huku redio inaimba, na mahali ambapo sauti inakuja na kutoweka, ndipo ilipovunjika. Nilikata, nikaunga kwa risasi, nikaacha waya ulegee kidogo usivutwe tena, nikafunga tepu. Ikaimba. Mjomba akasema asante, akakimbilia stendi.

Baada ya siku tatu akarudi. "Bado haiimbi."

Nikawasha. Inaimba. "Anko, si hii hapa?"

"Inaimba kwa mbali. Haina nguvu."

Hapo nikakumbuka jambo, nikaona aibu peke yangu. Nilipounga ule waya niliugeuza, chanya ikakaa penye hasi. Spika iliyogeuzwa hivyo haifi, inaimba, ila wakati ya kushoto inasukuma hewa yenyewe inaivuta. Zinaibiana. Besi inatoweka na sauti inaelea tu, huwezi kusema inatoka wapi. Betri inakuonyesha: chanya kwa chanya, karatasi inaruka kuja nje. Yangu ilizama ndani. Nikageuza, besi ikarudi mpaka kioo kikatetemeka. Sikumwambia mjomba kwamba kosa lilikuwa langu. Nilimwambia, "Nimeirekebisha."

Kuna sababu ya kuogopa makosa. Miezi michache nyuma nilikuwa nimeunguza redio ya mteja. Katika magari mengi ya zamani, spika ilipewa waya mmoja tu kutoka kwenye redio, na wa kurudi ulifungwa popote kwenye bodi ya gari. Redio za siku hizi hazitaki hivyo. Kila spika ina waya wake miwili, na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa bodi. Mimi nikaweka redio mpya kwenye mfumo wa kizamani bila kuuliza. Ilitoa moshi. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi minne, na tangu siku ile mteja akisema kitu hakifanyi kazi moyo wangu hudunda.

Kwa hiyo mjomba aliporudi mara ya tatu na maneno yale yale, sikubisha. Nilifanya kile mzee anachokiita mahakama: nilihamisha. Spika ya kulia nikaipeleka mlango wa kushoto, ya kushoto nikaileta kulia. Ukihamisha kitu na ugonjwa ukahama nacho, basi ugonjwa ni wake. Ukihamisha na ugonjwa ukabaki pale pale, kitu hicho hakina hatia, tafuta kingine.

Mjomba akaketi kwenye usukani, akasikiliza. "Ya kushoto nzuri sana," akasema. "Ya kulia ndiyo ile ile, imekufa."

Ya kushoto aliyoisifu ndiyo ile aliyokuwa ameifukuza dakika kumi kabla.

Nikabadilisha na waya, moja kwa moja kutoka nyuma ya redio. Nikabadilisha mdomo wa redio, wa kushoto ukaenda kulia. Kila kitu kilichoweza kuhama nilikihamisha, na kila mara mjomba akasema kulia hakuna kitu. Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikihesabu. Redio, waya, spika, vyote nimehamisha. Kilichokuwa hakijahama ni kimoja, nacho kilikuwa kimevaa kofia kinanitazama.

Sikusema. Wewe ungesema? Mtu aliyekulipia ada, dereva, uanze kumwambia mbele ya konda wake kwamba spika yako nzima ila sikio ndilo bovu?

Jumapili iliyofuata tajiri alimruhusu kwenda na gari Butiama kumwona bibi, nami nikapanda naye mbele. Tulitoka Musoma asubuhi, tukapita Bweri, tukapita Makutano, dirisha lake likiwa wazi na kiwiko kimekaa nje. Hivyo ndivyo alivyoendesha miaka yote. Upepo na ngurumo za malori vilikuwa vinaingia moja kwa moja upande ule. Redio ilikuwa ya chini chini. Kabla ya kufika Kiabakari nilijifanya natafuta stesheni, nikasogeza sauti yote kulia. Upande wangu ukanyamaza. Kutoka mlangoni kwake nilikuwa nasikia mtu akisoma matangazo ya vifo, jina kwa jina.

"Mura," mjomba akasema, "mbona umeizima?"

Nikarudisha katikati. Nikasema nimekosea kitufe. Tukakata kushoto kuelekea Butiama, na sikukumbuka kusema neno lolote mpaka tulipoona miti ya kwa bibi.

Butiama haihitaji kuelezwa. Kila Mtanzania anajua ni nani aliyezaliwa pale 1922 na kuzikwa pale tarehe 23 Oktoba 1999. Lakini watu wengi wanamkumbuka kwa siasa tu, na sisi tunaoota kuandika vitabu tuna haki ya kumkumbuka kwa jingine: kwamba Rais wa nchi, pamoja na kazi zote zile, alikaa akatafsiri tamthilia za Shakespeare. Ile ya Kaizari ilitoka 1963, akairudia na kuitoa upya 1969 ikiitwa *Juliasi Kaizari*, mwaka huo huo wa *Mabepari wa Venisi*. Nyumbani kwa bibi kuna nakala yake moja, jalada limeliwa na mende. Nimeisoma tangu darasa la sita bila kuelewa nusu.

Jioni ile, mjomba akiwa amekaa kwenye kigoda uani, nilikwenda nayo. Kuna mahali, mwanzoni kabisa, Kaizari yuko na rafiki yake katikati ya shangwe za watu. Mtu mkubwa kuliko wote Rumi. Anamwambia rafiki yake apite upande wake wa kulia, kwa kuwa sikio la kushoto halisikii, kisha ampe ukweli juu ya mtu fulani anayemtilia shaka. Nilipokuwa shule nililiruka jambo hilo kama watu wengi. Nilimsimulia mjomba.

Akakaa kimya. "Mwalimu ndiye aliyeandika hayo?"

"Aliandika Shakespeare. Mwalimu ametuletea."

"Na huyo Kaizari ilikuwaje mwisho wake?"

"Walimuua."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mura, unaniletea hadithi ya namna gani jioni hii?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, spika zilivyohama, kitufe nilichokisogeza njiani. Nilikuwa nimekaa kulia kwake, nikaona ananigeuzia uso mzima ili anisikie, nikagundua ameanza kufanya hivyo siku nyingi na sote tulidhani ni heshima.

Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alisema anajua. Simu amekuwa akiipokea kwa sikio la kushoto kwa muda mrefu. Ila alitumaini kwamba angalau kwenye gari ni spika. Kisha akaanza kunisimulia tarehe 14 Oktoba 1999, alipokuwa konda mdogo, gari limesimama stendi ya Bunda, sauti ya Rais Mkapa ikatoka redioni kutangaza kwamba Mwalimu amefariki London. Alisema abiria walinyamaza, dereva akazima injini ili wasikie vizuri. "Siku ile nilisikia kwa masikio yote mawili," alisema. "Sijui lilianza lini kuondoka. Halikuaga."

Halafu akaniomba kitu. Tajiri alikuwa anauliza kwa nini gari limekwenda kwa fundi mara tatu. Anataka risiti. "Andika spika ya kulia mbovu. Uandike hivyo tu."

Niliandika. Nasema hapa bila kujificha: Jumatatu asubuhi nilichukua kitabu cha risiti, nikaweka karatasi ya kaboni, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Spika ya kulia mbovu, imekaguliwa," nikatia sahihi. Tajiri akaamini. Nilikuwa nimeandika hadithi nyingi kwenye kaunta buku, hakuna aliyewahi kuziamini hata moja. Hiyo ya maneno matano ikapita.

Kwa wiki tatu sikulala vizuri. Katika nchi yetu gari linashika kushoto na anayekupita anakupita kulia. Dereva anakaa kulia. Honi ya anayekupita inakuja kwenye sikio lile lile. Kila jioni nilikuwa nasubiri kuiona ile Hiace ikirudi kutoka Bunda, na nikiiona naingia ndani nisisalimiane naye.

Kisha siku moja akaja kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha stendi. Alisema karibu na Balili alikwepa shimo kwenda kulia, na bodaboda alikuwa ameshafika ubavuni. Kijana akaruka na pikipiki yake mtaroni. Alichubuka mkono na goti, Mungu mkubwa, hakuna zaidi. Alipoinuka kitu cha kwanza alichosema ni, "Mzee, si nimepiga honi?" Mjomba akawatazama abiria. Wote, hata mama aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma, walisema honi waliisikia.

"Nipeleke hospitali," aliniambia. "Wewe ndiye unayejua kueleza."

Daktari alikuwa msichana wa umri wangu. Alianza na tochi sikioni, kutazama kama ni nta tu. Hakukuwa na nta. Kisha akatoa chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kikalia, akakisimika kitako chake katikati ya paji la uso la mjomba. "Unasikia upande gani, baba?"

"Kushoto."

Akarudia. "Kushoto."

Akatueleza kwa utaratibu. Sauti ile ilikuwa inapita kwenye mfupa, haipiti mlango wa sikio. Kama kizuizi kingekuwa njiani, nta au maji au ngozi ya sikio, mjomba angesikia zaidi upande ule ule mbovu. Kwa kuwa amesikia upande mzima, shida iko ndani kabisa, kwenye mshipa. Mjomba alikuwa anamtazama midomo. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza, maana ndiyo betri yangu ya tochi: ameruka waya wa mlangoni, ameigusa koili yenyewe. Alitupa karatasi ya kwenda Mwanza kupimwa kwa mashine. Tulikwenda. Mashine ilichora mstari unaoshuka, wakasema sikio lile halitarudi, alinde lililobaki.

Kurudi Musoma mjomba alikwenda mwenyewe kwa tajiri na funguo mkononi. Mimi nilibaki nje ya geti. Nilitaka kuingia niseme kuhusu risiti, mjomba akanikataza. "Hiyo nilikutuma mimi," alisema. Kwa hiyo mpaka leo tajiri hajui, labda mpaka asome hapa. Nakala ya kaboni ninayo. Iko ndani ya kaunta buku la riwaya, sura ya nne, ambapo kuna dereva anayezungumza kama mtangazaji wa redio na hakosei kitu. Sura hiyo nimeifuta yote.

Mjomba sasa yuko stendi ya Bunda, anasimamia magari mawili ya tajiri yule yule, anapanga zamu na kupokea hesabu. Kipato kimepungua. Binti mkubwa amerudishwa kutoka bweni, anasoma shule ya kutwa, na hilo hajanisemesha, nimelisikia kwa mama. Ukienda kumsalimia, simama kushoto kwake. Wapiga debe wote wameshazoea.

Juzi dereva mpya wa ile Hiace amekuja gereji. Kijana, mapema asubuhi, abiria wanamngoja. "Fundi," akasema, "spika ya kushoto imekufa."

Nikamwambia afungue mlango, nikaanza na waya.